Lahaja Badala ya Kitambulisho: Wabajuni Watafuta Hifadhi na Mipaka ya Ushahidi wa Lugha

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimujamii hufundishwa mapema kwamba lugha ni kitambulisho cha mtu. Sentensi hiyo tumeiandika sote katika karatasi za mtihani, na aghalabu tumepewa alama kwa kuiandika. Ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza ingekuwaje iwapo ingechukuliwa neno kwa neno: mtu asimame mbele ya afisa wa uhamiaji, aulizwe kitambulisho, akikose, kisha aambiwe, basi zungumza tusikie. Makala haya yanahusu watu waliofikwa na jambo hilo, na lugha waliyotakiwa kuizungumza ni ya kwetu. Ni Wabajuni wa pwani ya kusini mwa Somalia walioomba hifadhi katika nchi za Ulaya, hasa Uingereza, wakiwa hawana cheti cha kuzaliwa, pasipoti wala karatasi yoyote ya serikali, wakabakiwa na lahaja yao tu kama ushahidi.

Swali tunalolishughulikia ni hili: lahaja inaweza kushuhudia nini kuhusu mtu, na haiwezi kushuhudia nini? Si swali la nadharia tupu. Jibu likikosewa upande mmoja, mtu aliyeponea chupuchupu hurudishwa alikotoka. Likikosewa upande wa pili, nafasi ya hifadhi huchukuliwa na asiyeihitaji. Kabla ya kufika huko, inafaa tuyaangalie kwanza maneno yenyewe tunayoyatumia katika mjadala huu, kwa sababu sarufi yake ina jambo la kutufunza.

Mkimbizi na mtafuta hifadhi

Sheria ya kimataifa hutofautisha watu wawili. Mkimbizi ni yule aliyekwisha kutambuliwa kuwa anastahili ulinzi kwa mujibu wa Mkataba wa 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi na Itifaki yake ya 1967. Mtafuta hifadhi ni yule ambaye ombi lake halijaamuliwa. Nchini Kenya, kwa mfano, wa kwanza hupewa kitambulisho cha mkimbizi, na wa pili hupewa hati ya kumruhusu kukaa akisubiri uamuzi.

Mwanafunzi wa mofolojia ataona kwamba Kiswahili kinazo njia mbili za kuunda nomino ya mtenda, na kwamba maneno haya mawili yamepita kila moja njia yake. Mkimbizi ameishia kwa -i, kama mpishi, mlezi, mjuzi na mwokozi. Mtafuta hifadhi ameishia kwa -a na kubaki na yambwa yake, kama tusemavyo mpika chai au mlea mtoto. Mpishi ni mpishi hata akiwa amelala; mpika chai ni yule aliye mekoni sasa hivi. Kanuni hii ina vighairi (mfanyabiashara haachi kuwa mfanyabiashara anapofunga duka), lakini mwelekeo wake ni dhahiri: kiishio -i hutaja hadhi, kiishio -a hutaja tendo ambalo bado linaendelea. Hivyo ndivyo sheria nayo inavyogawa. Mmoja ana hadhi, mwingine yumo katika tendo la kutafuta.

Liko jambo jingine dogo linalopendeza. Kitenzi kimbia, kama jua, lea na okoa, kilipoteza konsonanti /l/ katika historia yake. Konsonanti hiyo huonekana tena tunaponyambua: katika mkimbizi imegeuka /z/ mbele ya kiishio -i, na katika kimbilia imebaki kama ilivyokuwa. Ndivyo ilivyo pia kwa tambua. Husikii /l/ yoyote unaposema tambua, ila katika tambulisha na kitambulisho inarudi. Kitambulisho, kwa asili yake, ni kifanyacho mtu atambuliwe.

Hapa ndipo ugumu unapoanzia. Kitabu cha mwongozo kilichotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi mwaka 1979 kinaeleza kuwa mtu huwa mkimbizi pindi anapotimiza masharti ya Mkataba. Serikali haimfanyi mkimbizi kwa kumtambua, bali inatangaza tu kwamba ni mkimbizi. Kwa hiyo anayeitwa mtafuta hifadhi huenda amekuwa mkimbizi tangu siku alipovuka mpaka, isipokuwa hana wa kulithibitisha. Msemaji wa kawaida wa Kiswahili, ambaye huwaita wote wakimbizi bila kujali karatasi zao, yuko karibu zaidi na mwongozo huo kuliko tunavyodhani tunapomsahihisha.

Na kuhusu karatasi, Mkataba wa 1951, katika kifungu cha 27, unazitaka nchi ziwape hati za utambulisho wakimbizi walio katika ardhi yao ambao hawana hati halali za kusafiria. Maana yake ni kwamba walioutunga walijua tangu mwanzo kuwa anayekimbia mara nyingi hafiki na karatasi. Mwongozo wa 1979 nao unakiri kuwa wengi hufika wakiwa na vitu vichache mno, tena bila hati. Lakini ili apewe karatasi ya ukimbizi sharti athibitishe yeye ni nani na ametoka wapi, na uthibitisho huo ndio kawaida hutolewa kwa karatasi.

Watu waliopitiwa na mpaka

Wabajuni, ambao lahaja yao huitwa pia Kitikuu, wanakaa katika ukanda mwembamba wa pwani na visiwa kuanzia Kismayu hadi Lamu. Upande wa Somalia viko visiwa kama Koyama, Chovai na Chula. Upande wa Kenya iko Kiunga, Kiwayuu, Ndau na Faza. Ni wavuvi na mabaharia, na undugu wao haujui upande. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, na tangu hapo mpaka wa dola ukapita katikati yao. Somalia ilipata uhuru mwaka 1960, Kenya mwaka 1963, na mstari ule wa wakoloni ukawa mpaka wa mataifa mawili huru.

Watu hawakukoma kuuvuka. Wakati wa vita vya Shifta katika miaka ya 1960, Wabajuni wengi wa bara ya Kiunga walivihama vijiji vyao wakaenda Lamu, Mombasa na kwingineko. Mnamo Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka mjini Mogadishu, zamu ilikuwa ya Wabajuni wa upande wa pili. Hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Walinyang'anywa mashua na mali, wakapanda vyombo vilivyobaki wakashuka na pwani kuja Kenya. Wengi wao waliwekwa katika kambi ya Jomvu, Mombasa, hadi kambi za pwani zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Baadhi walirudishwa visiwani, baadhi walipelekwa kambi za ndani ya nchi, na wengine walipotelea mitaani kwa jamaa zao Wabajuni wa Kenya.

Hili la mwisho tulikumbuke, kwa maana ndilo linalotatiza. Mtoto aliyeletwa Jomvu akiwa na miaka miwili alijifunza kusema akiwa Mombasa. Alisikia Kibajuni kwa mama yake, Kimvita kwa watoto wa jirani, na Kiswahili sanifu katika redio na darasani. Je, huyo anazungumza lugha gani, na lugha hiyo inamtaja kuwa mtu wa nchi gani?

Kenya kwa miaka mingi haikuwauliza swali hilo watu waliotoka Somalia. Hadi mwaka 2016 walikubaliwa kwa jumla kama kundi, bila kila mmoja kupimwa peke yake. Swali waliulizwa waliovuka bahari.

Ulimi mbele ya mchambuzi

Uchambuzi wa lugha kwa ajili ya kubaini asili ya mwomba hifadhi ulianza katika nchi za Skandinavia katika miaka ya 1990, ukaenea hadi Uholanzi, Uswisi, Australia na Uingereza. Utaratibu wake kwa kawaida ni huu. Mwombaji huzungumza kwa simu na mchambuzi, mara nyingi kwa muda usiofika nusu saa. Mazungumzo hunaswa. Mchambuzi, ambaye ni mzawa wa lugha hiyo lakini si lazima awe mwanaisimu, huyasikiliza pamoja na mwanaisimu anayemsimamia, kisha ripoti huandikwa ikisema kwa kiwango fulani cha uhakika kwamba usemi wa mtu huyu unatoka Somalia, au hautoki huko.

Wabajuni walifaa sana kwa kipimo cha aina hii, au ndivyo ilivyodhaniwa. Lahaja yao ina sifa zinazosikika mara moja. Anayejua Kiswahili sanifu akimsikia mtu anasema mchu na wachu badala ya mtu na watu, hahitaji shahada kujua kwamba yuko mbele ya Mbajuni. Mwaka 2004 baraza la rufani za uhamiaji nchini Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo kuhusu Wabajuni wa Somalia, na ndani yake uwezo wa kuzungumza Kibajuni ulijadiliwa kuwa kigezo kimojawapo cha kupima madai yao. Lahaja ambayo katika vyuo vyetu hupewa aya moja katika somo la historia ya Kiswahili ikawa inajadiliwa na mawakili mjini London.

Tuwe waadilifu: wasiwasi wa maafisa hao si wa kubuni. Mbajuni wa Kenya, aliye na kitambulisho chake na asiye na hofu ya kuuawa, anaweza kujidai ametoka Chula. Serikali ina haki ya kuuliza. Tatizo ni kwamba kipimo kilichochaguliwa hakiwezi kulijibu swali lililoulizwa. Kibajuni kinaweza kuonyesha kwamba mtu amelelewa na Wabajuni. Hakiwezi kuonyesha kuwa amelelewa upande gani wa mstari uliochorwa 1925. Tofauti za kisiwa na kisiwa zipo, lakini hazikatiki pale penye mpaka. Kinachoweza kutofautiana zaidi ni msamiati wa mkopo: wa kaskazini ameishi na Kisomali, na kupitia kwake na maneno ya Kiitaliano kama baasto (tambi), ilhali wa kusini ameishi na Kiingereza na Kiswahili cha shule. Hata hivyo msamiati wa mkopo ndio sehemu ya lugha inayobadilika upesi kuliko zote mtu anapohama.

Kosa la kinyume nalo ni baya zaidi. Kijana akisema mtu badala ya mchu, mchambuzi anaweza kuandika kuwa huyu ni Mkenya anayejisingizia. Hapa sisi wanafunzi wa isimujamii hatuna budi kusema, kwa sababu jambo hili tumelisoma. Msemaji huelekeza usemi wake kwa yule anayezungumza naye. Mbajuni anapohojiwa na mkalimani wa Kiswahili sanifu, tena katika ofisi, tena akiwa na hofu, atajitahidi kusema kile anachokiona kuwa Kiswahili kizuri. Amefundishwa hivyo maisha yake yote: lahaja ni ya nyumbani, sanifu ni ya mbele ya wakubwa. Anaficha kitambulisho chake kwa adabu. Ni hali ya diglosia ambayo kila mzawa wa Faza aliyesoma shule ya bweni anaijua, isipokuwa yeye hakuna alichopoteza zaidi ya kuchekwa.

Kisha kuna suala la Kisomali. Baadhi ya wachunguzi walitarajia kuwa Mbajuni wa kweli wa Somalia angekijua pia. Somalia iliidhinisha maandishi rasmi ya Kisomali mwaka 1972 na kukifanya lugha ya shule na ofisi, kwa hiyo mvulana aliyesoma Kismayu huenda alikijua barabara. Mama yake aliyekaa kisiwani akikausha samaki huenda alijua maneno ya sokoni tu. Na aliyezaliwa baada ya 1991, wakati shule zimefungwa, tumpime kwa kipimo cha nani?

Mambo madogo ya ukalimani nayo hayaachi kuongeza chumvi kwenye kidonda. Mtu akisema walivamiwa saa mbili usiku, na mkalimani akaandika saa mbili kwa hesabu ya kizungu, kisha katika mahojiano ya pili ikaandikwa ipasavyo, saa sita zimepotea na mwombaji ameonekana mwongo. Neno ndugu likiandikwa mara kaka, mara binamu, familia yake inaonekana kubadilika kila anapohojiwa. Hayo tunayataja kwa kupita, ingawa yanastahili makala yake.

Kauli ya wanaisimu na ya mahakama

Mnamo Juni 2004 wanaisimu 19 kutoka nchi mbalimbali walitoa miongozo kuhusu matumizi ya uchambuzi wa lugha katika kesi za wakimbizi. Walisema kwamba uraia si jambo la kiisimu, kwa hiyo lugha haiwezi kuuthibitisha. Kinachoweza kuonekana katika usemi ni mahali au jamii ambamo mtu alikuzwa kijamii. Walisema pia kuwa kazi hiyo ifanywe na wanaisimu waliohitimu na wanaoijua lugha husika, na kwamba kuwa mzawa wa lugha peke yake hakutoshi.

Msimamo huu umepingwa na baadhi ya wataalamu wanaoona kuwa mzawa aliyefunzwa vyema husikia mambo ambayo mwanaisimu mgeni hayasikii. Kwa maoni yetu, hoja hiyo ina uzito katika Kiswahili kuliko katika lugha nyingi. Tofauti za lahaja za kaskazini ni za sikio kwanza. Lakini mzawa wa nini? Mzawa wa Kiunguja si shahidi wa Kibajuni. Neno Kiswahili katika orodha ya wakalimani huwaficha ndani yake mtu wa Lubumbashi, wa Tanga na wa Barawa, na ofisi iliyo mbali haina njia ya kujua kwamba wa kwanza huenda asimwelewe wa tatu hata kidogo.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua rufani iliyohusu watu wawili waliodai wametoka Somalia na ambao usemi wao ulichambuliwa na kampuni moja ya Uswidi. Lugha iliyobishaniwa hapo ilikuwa Kisomali, ila uamuzi unawagusa wote. Mahakama haikuikataza kazi hiyo. Ilisema kuwa ripoti kama hizo hazipaswi kupewa uzito kana kwamba zimemaliza kesi, na ikawakosoa wachambuzi waliovuka utaalamu wao kwa kutoa maoni juu ya ujuzi wa mwombaji kuhusu mji wake, badala ya kubaki katika lugha.

Upande wetu wa maji

Tusidhani haya ni ya Ulaya pekee. Kenya ina historia ndefu ya kudai karatasi na kuwatilia watu shaka. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ndiyo iliyotuachia neno kipande, yaani karatasi iliyotiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni, ambayo Harry Thuku na wenzake waliipinga katika miaka ya 1921 na 1922. Kikebe kiliondoka, neno likabaki. Hadi leo wengi wetu tunasema kipande tukimaanisha kitambulisho. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipigwa msasa na kupewa kadi za rangi ya waridi za kuthibitisha kuwa ni raia.

Na katika Kiswahili chenyewe tunao mfano ulio wazi. Baada ya mauaji ya Januari 2001 kule Zanzibar, zaidi ya watu 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari hadi Shimoni kuomba hifadhi. Walipokelewa na watu wanaosema lugha yao, wanaovua samaki wao, na wengine wenye babu mmoja nao. Hakuna sikio ambalo lingeshindwa kusikia kwamba hawa ni Wapemba, lakini usikivu huo usingemwambia afisa ni Mpemba wa juzi au ni Mpemba wa Kenya. Wako Wapemba ambao familia zao zimekaa Kilifi na Kwale kwa vizazi. Hao walikosa vitambulisho hadi mwaka 2023 walipotambuliwa rasmi kuwa mojawapo ya jamii za Kenya. Usemi wao wa mwaka 2022 na wa mwaka 2024 ni ule ule.

Nilipoyawasilisha haya katika kikao cha chama chetu, mwenzetu mmoja kutoka Kiwayuu aliinua mkono. Alisema kuwa yeye kipande chake ni cha Kenya, amepiga kura mara mbili, na kwamba akipigiwa simu na mchambuzi yule atafaulu kwa alama zote kuwa Msomali, ilhali binamu yake aliyezaliwa Koyama na kukulia Majengo, Mombasa, ataanguka. Kikao kilicheka. Yeye hakucheka, akauliza kama kuna mtu ana kanda ya vijana wa Kibajuni waliokulia mjini, ya kuonyesha wanavyosema hasa.

Tulizitafuta katika maktaba yetu. Tulizozipata ni za wazee, za nyimbo za vave na za hadithi, na orodha za maneno yaliyokusanywa kwa wale wasiowahi kutoka kisiwani. Lahaja tunayoihifadhi ni ile isiyochanganyika, na anayehojiwa ni kijana aliyechanganyika. Mahakama inapotaka kujua iwapo Mbajuni aliyelelewa Jomvu husema mtu au mchu, na mbele ya nani, hakuna ukurasa wa kuifungulia. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanza na familia kumi za Mombasa, vizazi vitatu kila moja, akiwarekodi mara mbili: mara moja wakizungumza wao kwa wao, na mara ya pili wakizungumza na mgeni anayesema sanifu.